Nyumba za kale za Talianky, Ukraine: nani alizichoma moto, na kwa nini?

#1 Msomi wa Kitonga

Wakuu, salaam.

Kusini mwa Kyiv, mkoa wa Cherkasy, kuna vijiji viwili vinavyopakana: Legedzyne na Talianky. Ni vijiji vya wakulima kama vingine vya ukanda ule. Udongo mweusi tii, ngano, mahindi, alizeti hadi macho yanapochoka. Lakini kati ya vijiji hivyo, chini kidogo tu ya pale jembe la trekta linapofika, kuna mabaki ya makazi ya miaka ya 3800 KK hivi. Eneo lake ni kama hekta 320. Nyumba zinakadiriwa kufika 2,000, zimepangwa duara ndani ya duara, katikati pameachwa wazi. Wakati huo Misri haina piramidi hata moja, na Uruk kule Mesopotamia ndiyo kwanza inakua.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba nyumba zote zimeungua. Wanakochimba wanakuta udongo wa kuta umeiva kwa moto hadi kuwa mwekundu, na chini yake vyungu vya rangi vimelala mahali vilipoachwa. Baadhi ya wanaakiolojia wanasema watu hawa walikaa mahali pamoja miaka 60 hadi 80, kisha wakachoma makazi na kuhamia kwingine. Vizazi viwili vitatu, halafu moto.

Mtu ajenge nyumba kwa jasho lake, alee watoto humo, halafu aiwashe vyombo vikiwa ndani? Au ni adui? Au ajali? Naomba mawazo, hasa ya waliowahi kuishi Ukraine na ya mafundi ujenzi.

#2 Kiboko wa Ruvu

Hapo mbona wazi. Vita. Wafugaji wa nyika walitoka mashariki, wakakuta watu wana ghala zimejaa nafaka, wakachukua walichotaka na kuchoma kilichobaki. Palipoungua tafuta adui.

#3 Fundi Ugweno

Kiboko, taratibu ndugu yangu. Mimi nimejenga nyumba za miti na udongo na nimechoma tofali miaka mingi. Nyumba ya kukandika ikishika moto, kinachoungua ni paa na miti. Nyasi zinawaka kwa muda mfupi, kenchi zinaporomoka, moto unakwisha. Ukuta unabaki umesimama na masizi yake. Mvua ikinyesha wiki ijayo, ule udongo unalainika na kurudi kuwa tope. Haukuiva.

Udongo ukiwa mwekundu mpaka katikati, jua moto ulikaa. Sisi tukichoma tofali tunapanga tanuri, tunaacha midomo chini ya kusukumia magogo, tunakandika nje kwa tope ili joto lisitoroke, kisha tunachochea usiku na mchana. Na pamoja na yote hayo, tofali za pembeni zinatoka mbichi. Sasa Msomi anasema kuta zimeiva nyumba baada ya nyumba. Adui anayeiba ng'ombe hana muda wa kukusanyia kuni ukuta wako. Aliyechoma hapo alikuwa na kuni za kutosha na hakuwa na haraka.

#4 Bi Shani

Fundi ameweka msingi mzuri. Naomba niweke sawa mambo mawili kabla uzi haujaenda mbali.

Kwanza, watu hawa wanaitwa watu wa Trypillia, na mtandaoni wengi wanadhani Trypillia ndipo ilipo ile miji mikubwa. Hapana. Trypillia ni kijiji kingine, kiko ukingo wa magharibi wa mto Dnipro, kama kilomita 40 kusini mwa Kyiv. Jina limetoka huko kwa sababu Vikentiy Khvoika, mtafiti mzaliwa wa Bohemia aliyehamia Kyiv, alichimba hapo mwaka 1896. Mwaka 1899 akaonyesha matokeo yake kwenye kongamano la akiolojia mjini Kyiv. Waromania wanauita utamaduni huohuo Cucuteni, kwa kijiji chao karibu na Iași, ambako mabaki yalitambuliwa mwaka 1884. Makazi makubwa kama Talianky, Maidanetske na Nebelivka yako kusini zaidi, kati ya mito Dnipro na Buh ya Kusini.

Ukubwa wake haukujulikana kwa kuchimba. Miaka ya 1960 mpimaji ramani wa jeshi, Kostiantyn Shyshkin, alikuwa akisoma picha zilizopigwa na ndege akaona madoa ya rangi tofauti mashambani, yamejipanga kwa duara. Baadaye Valeriy Dudkin akapita na vipimo vya usumaku, na ramani ya nyumba ikajitokeza. Maidanetske ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Mykola Shmahliy, na Talianky mwaka 1981 na Volodymyr Kruts.

Pili, Msomi, si kweli kwamba nyumba zote ziliungua. Udongo uliochomwa unavuta sana vipimo vya usumaku, kwa hiyo nyumba iliyoungua inaonekana kwenye ramani kama taa. Ambayo haikuungua inaonekana kwa shida, au haionekani kabisa. Vipimo vya siku hizi vimeanza kuzitambua na hizo. Zilizoungua ni nyingi sana, hilo halina ubishi. Lakini tukisema zote, tunahesabu zile tu ambazo kifaa kinapenda kuziona.

#5 Mkemia wa Nyegezi

Asante Bi Shani. Sababu ya kimaabara ni kwamba udongo una madini ya chuma. Ukipashwa joto kubwa kisha ukapoa, chembe za chuma zinajipanga kufuata usumaku wa dunia wa wakati ule na kubaki hivyo. Ndiyo maana kifaa kinaipata nyumba iliyo chini ya ardhi miaka karibu 6,000.

Kuhusu hoja ya Fundi, imejaribiwa kwa vitendo. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Bankoff na Winter, walipata nyumba kuukuu ya miti na udongo kijijini Serbia wakaichoma. Ikawa kama alivyosema Fundi: paa likawaka na kuanguka, kuta zikabaki karibu zilivyokuwa, udongo ulioiva ulikuwa kidogo mno. Miaka ya karibuni timu ya Waukraine na Waingereza ilijenga nyumba ya ghorofa moja kwa mtindo wa Trypillia kijijini Nebelivka na kuichoma. Safari hii waliijaza kuni kwanza, ndani na kuizunguka, na ndipo wakapata kifusi kinachofanana na cha kale. Kuni zilizotumika ni mlima.

#6 Kiboko wa Ruvu

Sawa, nyumba ya Serbia ilikuwa tupu. Hizi za Talianky zilikuwa za ghorofa. Sakafu ya juu ni magogo yaliyopasuliwa yakakandikwa udongo. Weka humo nafaka, nyasi kavu za mifugo, mafuta, nguo, vikapu, majira ya kiangazi, upepo kutoka nyika. Jirani naye hivyohivyo. Fundi, hapo napo ukuta utabaki tope?

#7 Fundi Ugweno

Hapo umeniuliza swali la maana. Magogo ya sakafu yakiwa mazito na yamefunikwa udongo juu na chini, hayatawaka kwa kasi, yataungulia ndani kwa ndani kama tanuru la mkaa. Hilo linaweza kuivisha sakafu ya juu vizuri. Kuta bado nina shaka nazo, kwa sababu joto linapanda na kutoka paa likishaanguka. Ningependa kujua ni sehemu gani ya nyumba iliyoiva zaidi. Sakafu au ukuta? Mwenye jibu alilete.

#8 Nyota ya Lamu

Hamjambo huko. Mnaongea kuni na tofali, mmesahau maradhi. Mwaka 2018 kulitoka utafiti wa vinasaba vya kidudu cha tauni. Wakasema huenda tauni ya mwanzo ilizaliwa katika haya makazi makubwa ya Trypillia, maana watu walirundikana pamoja na ng'ombe, mbuzi na panya wa ghalani. Maradhi yakiingia, mwachoma nyumba ya mgonjwa na vitu vyake, halafu mwahama. Vyungu vimebaki ndani kwa sababu hakuna aliyetaka kuvigusa. Kwangu hii yaeleza kila kitu: moto, vyombo, na kuhama.

#9 Daktari wa Kilosa

Nyota, nimesoma utafiti huo. Vinasaba vya tauni vilitoka kwenye mifupa ya Sweden, kaburi la miaka kama 4,900 iliyopita, karne nyingi baada ya Talianky kuachwa. Chimbuko la Trypillia ni kisio la watafiti kutokana na mti wa ukoo wa kidudu. Hakuna tauni iliyopimwa kutoka Talianky wala Maidanetske. Na ni vigumu kuipima, kwa sababu tatizo kubwa la watu hawa ni kwamba wafu wao hawaonekani. Maelfu ya nyumba, na karibu hakuna makaburi. Mifupa ya kutosha imepatikana katika pango la Verteba, mkoa wa Ternopil, mbali kabisa upande wa magharibi. Wengine wote tunajiuliza walikwenda wapi.

Lakini nina jingine la kuchangia. Nilisomea udaktari Vinnytsia kabla ya vita hii, na rafiki yangu wa darasani alikuwa na bibi kijijini, njia ya kwenda Uman. Tulikuwa tunapanda marshrutka, ndizo daladala zao, mpaka kituoni, kisha tunatembea katikati ya mashamba ya alizeti. Bibi alikuwa anaishi kwenye khata, nyumba ya asili ya Waukraine. Nilipoiona nilisimama nikacheka kwa furaha, kwa sababu nilijua kila kitu kilichokuwemo. Kuta za udongo uliokandwa na majani makavu ya ngano. Chokaa nyeupe nje, inapakwa upya kabla ya Pasaka. Chumba cha nyuma bado kilikuwa na sakafu ya udongo, na bibi alinionyesha anavyoisiriba kwa udongo mwembamba na kinyesi cha ng'ombe, mkono unazunguka vilevile kama wa mama yangu mkubwa. Alishangaa kwamba kijana kutoka Afrika anajua kazi ile. Nikavua saa nikaifanya naye.

Kilichokuwa tofauti ni jiko. Wanaliita pich, ni jiko kubwa la udongo na tofali linalochukua karibu robo ya chumba, na juu yake kuna mahali pa kulala wakati wa baridi. Nyumba za Trypillia nazo zilikuwa na jiko kubwa la udongo ndani, tunajua kwa kuchimba na kwa vinyago vidogo vya nyumba walivyofinyanga wenyewe. Baridi ya kule ni ya kuua, jiko halizimwi. Jiko lisilozimwa ndani ya nyumba ya magogo na nyasi, kwa miaka 60. Kwa hiyo mimi ajali siifuti kwenye orodha. Nyumba moja leo, nyingine mwakani. Ukihesabu baada ya miaka 6,000 unadhani ziliungua siku moja.

#10 Mama Tunu

Daktari umeniliza kwa huyo bibi. Bado yupo?

#11 Daktari wa Kilosa

Alifariki kabla sijamaliza masomo, Mama Tunu. Nilikwenda mazishini. Khata ipo, mjukuu anaitunza.

#12 Kiboko wa Ruvu

Poleni sana Daktari.

Lakini ajali? Majiko 2,000 yote yalikosewa?

#13 Bi Shani

Kiboko, wewe hata moshi wa chai ukiuona unatafuta jeshi. Hoja ya Daktari ni kwamba hayakukosewa kwa siku moja, na vipimo vya kaboni, vile vya kukadiria umri wa mabaki, vinamsaidia kidogo. Maidanetske inaonyesha kukaliwa kwa zaidi ya karne mbili, na nyumba hazikuwepo zote kwa wakati mmoja. Hapo ile habari ya miaka 60 hadi 80 kisha moto wa kijiji kizima inaanza kuyumba.

Na hili linatupeleka kwenye ugomvi wa wataalamu kuhusu idadi ya watu. Timu ya Kiel, Ujerumani, iliyochimba Maidanetske inaona watu wengi, hata 10,000 na zaidi katika kilele chake. Timu ya Durham, Uingereza, iliyofanya kazi Nebelivka inapinga. Wao walichukua mashapo karibu na makazi, wakaangalia chavua na masizi, wakasema mazingira hayaonyeshi mzigo wa watu wengi namna hiyo. Wanapendekeza kwamba wakazi wa kudumu walikuwa wachache, au watu walikusanyika kwa msimu, labda kwa ibada na mikutano, kisha wakarudi makwao. Nebelivka mwaka 2012 walichimba jengo la mita kama 60 kwa 20 ambalo halifanani na nyumba ya kuishi. Wengine wanaliita hekalu, wengine ukumbi wa baraza.

Sasa rudini kwenye swali la Msomi. Kama ni mahali pa kukusanyikia, kuchoma nyumba kunaweza kuwa sehemu ya mkusanyiko wenyewe. Kama ni mji wa watu 10,000, kuni za kuchoma hivyo zinatoka wapi?

#14 Mama Tunu

Na mimi niulize upande wa shamba, maana ndiyo kazi yangu. Watu wengi hivyo walikula nini?

#15 Mkemia wa Nyegezi

Mama Tunu, hilo lina jibu zuri. Watafiti wa Kiel walipima naitrojeni katika mbegu zilizoungua na katika mifupa ya wanyama. Walikuta njegere zimestawishwa kwa samadi nyingi, kiasi cha kuonyesha kwamba ng'ombe walifugwa zaidi kwa ajili ya kinyesi chao kuliko nyama. Chakula kikuu kilikuwa nafaka, yaani ngano za kale na shayiri, pamoja na njegere. Nyama kidogo. Ng'ombe walifungiwa zizi karibu na makazi na samadi ikapelekwa shambani.

#16 Mama Tunu

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Mwenye samadi na njegere hachoshi ardhi haraka. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba walihama kwa sababu udongo uliisha nguvu. Kwenye udongo mweusi wa Ukraine, tena wenye samadi? Mimi sikubali. Huku kwetu Mbozi ardhi nyekundu tu, ukiipa samadi na ukapanda maharage, unalima palepale alipolima babu. Kama walihama, tutafute sababu nyingine. Kuni na miti ya kujengea naona inaweza kuwa sababu. Ardhi ile ni mpaka wa msitu na nyika, miti haiko kila mahali.

#17 Kasongo wa Kalemie

Jambo wote. Niko nasoma kimya tangu mwanzo. Mimi nauliza hicho kijiji cha sasa, si cha zamani. Hawa wa Legedzyne wa leo ni wajukuu wa wale waliochoma? Na historia yao ya katikati iko wapi?

#18 Bi Shani

Kasongo, si wajukuu wa moja kwa moja. Utamaduni wa Trypillia ulififia kufika miaka ya 3000 KK hivi, na baada ya hapo nyika ile ilipitiwa na watu wengi: Waskithia, Wasarmatia, Waslavi, Watatari, Wakozaki. Katika karne ya 18 ardhi za Uman zilikuwa za ukoo wa Potocki, makabaila wa Poland. Stanisław Szczęsny Potocki ndiye aliyejenga bustani ya Sofiyivka pale Uman kuanzia mwaka 1796 kwa ajili ya mke wake Sofia. Ni bustani ya maporomoko na mapango yaliyochongwa, na waliobeba mawe yake ni wakulima watwana wa vijiji vya jirani.

Utwana ulidumu mpaka mwaka 1861. Taras Shevchenko, mshairi ambaye kila Mwukraine anamjua kwa moyo, alizaliwa mtwana mwaka 1814 katika kijiji cha Moryntsi, ambacho leo kiko wilaya moja na Legedzyne, wilaya ya Zvenyhorodka. Alinunuliwa uhuru wake mwaka 1838, kwa pesa ya picha iliyochorwa na kuuzwa kwa bahati nasibu.

Kisha ikaja njaa ya 1932 na 1933, Holodomor. Serikali ya Stalin ilichukua nafaka, ikafunga vijiji, na sheria ya Agosti 1932 ikamhukumu aliyeokota masuke shambani miaka 10 au kifo. Mamilioni walikufa katika ardhi yenye rutuba kuliko karibu zote za Ulaya. Waliobaki kwenye mashamba ya ushirika hawakupewa haki ya pasipoti ya ndani mpaka mwaka 1974, na bila hiyo mtu hakuweza kuhamia mjini kwa hiari yake. Ninapoandika haya nashindwa kuelewa tunavyoijua njaa ya Ireland kuliko hii.

#19 Kasongo wa Kalemie

Asante dada. Mtwana, halafu njaa, halafu kufungiwa kijijini. Watu hao walipata taabu kweli.

#20 Nyota ya Lamu

Na vita ya pili ya dunia je? Nilisoma kwamba Legedzyne kuna sanamu ya mbwa.

#21 Daktari wa Kilosa

Ipo, nimeiona. Iliwekwa mwaka 2003. Simulizi ni kwamba mwishoni mwa Julai 1941 kikosi cha walinzi wa mpaka wa Kisovieti kilizingirwa pale, na kilipoishiwa nguvu kikawaachilia mbwa wake wapatao 150 wawashambulie Wajerumani. Simulizi za namna hii hukua kadiri zinavyosimuliwa, kwa hiyo sitaapa kwa kila tarakimu. Vita yenyewe ya Uman hakuna anayeibishia. Wanajeshi kama 100,000 wa Kisovieti walitekwa katika eneo lile mpaka Agosti 8.

Hapohapo kijijini kuna makumbusho ya hifadhi ya Trypillia, ilianzishwa mwaka 2002, na nje wamejenga nyumba za mfano. Fundi, ungezipenda. Ngazi iko ndani, dirisha la duara limekatwa ukutani, na ukipita mkono kwenye ukuta unakuta majani yamejitokeza kwenye udongo. Ghorofa ya juu ndiyo ya kuishi.

#22 Msomi wa Kitonga

Wakuu mbwa tumewasikia, turudi kwenye moto. Mpaka sasa naona vita ya Kiboko, tauni ya Nyota, ajali ya Daktari. Nani anatetea kwamba walichoma kwa imani yao?

#23 Bibi Harusi wa Songea

Mimi natetea. Mwanaakiolojia Mirjana Stevanović, aliyesoma nyumba zilizoungua za Serbia za enzi karibu na hizo, alisema wazi mwaka 1997 kwamba zilichomwa kwa makusudi na kwa mpango. Ruth Tringham naye anaitazama nyumba kama kiumbe mwenye maisha yake, anayezaliwa na kufa. Kwetu zamani mwenye mji akifa, nyumba yake haikukaliwa tena. Iliachwa ianguke yenyewe, na hakuna aliyeona ajabu. Nyumba ilikuwa ya mtu, na mtu amekwenda.

Sasa fikirini mkuu wa nyumba amekufa Talianky. Majirani wanaleta kuni, kila kaya mzigo wake. Wanapanga vyungu ndani, vingine vizuri kabisa. Wanawasha usiku na moto unaonekana vijiji vyote. Hapo ndipo kuni nyingi za Fundi na Mkemia zinapopata maelezo. Kuni nyingi maana yake watu wengi walishiriki. Na inaeleza kwa nini nyumba nyingine hazikuungua, kama alivyosema Bi Shani. Si kila mtu alifanyiwa.

#24 Fundi Ugweno

Bibi Harusi, hii naielewa kuliko zote. Ila kuna maelezo makavu zaidi. Udongo ulioiva ni mali. Ukitaka kujenga juu ya eneo lenye tope, ukichoma nyumba kuukuu unapata kifusi kigumu kisichonyonya maji. Pia nyumba ya miti na udongo ikishazeeka, miti imeliwa na wadudu, panya wamechimba kila kona. Kuichoma ni kuisafisha.

#25 Bi Shani

Hiyo ya kifusi ingefaa kwa vilima vya makazi ya kale vya Balkan, kusini mashariki mwa Ulaya, ambako walijenga nyumba mpya juu ya ya zamani kwa vizazi vingi. Talianky hawakujenga juu. Nyumba iliyoungua iliachwa ilivyo, ndiyo maana tunaikuta chini kidogo tu ya jembe.

#26 Nyota ya Lamu

Bibi Harusi, kama ni mkuu wa nyumba amekufa, yeye mwenyewe yuko wapi? Daktari kasema wafu hawaonekani. Wangemchomea humo tungepata mifupa.

#27 Daktari wa Kilosa

Imepatikana mahali pamoja. Kijiji cha Kosenivka, karibu na Uman, mkoa huohuo wa Cherkasy. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Katika nyumba moja iliyoungua ya miaka ya 3690 hadi 3620 KK kulikuwa na vipande kama 50 vya mifupa ya watu wasiopungua 7, watoto kwa watu wazima. Baadhi ya mifupa imeungua sana. Watu wazima wawili wana majeraha ya kichwa ambayo hayakupata muda wa kupona. Na mmoja, kipande cha fuvu, alikufa karibu miaka 130 baada ya wenzake. Yaani vizazi kadhaa baadaye mtu alileta fuvu akaliweka pale pale.

#28 Kiboko wa Ruvu

Majeraha ya kichwa yasiyopona, halafu nyumba ikachomwa. Msomi, swali lako limejibiwa.

#29 Bibi Harusi wa Songea

Na fuvu lililoletwa baada ya miaka 130? Adui gani anarudi baada ya vizazi vinne kuweka fuvu? Hao ni wenyeji. Walipakumbuka mahali pale na walijua wanachofanya.

#30 Mama Tunu

Yote mawili yanaweza kutokea nyumba moja. Watu waliuawa, na baadaye waliobaki wakapaheshimu.

#31 Mkemia wa Nyegezi

Tena waandishi wenyewe wa utafiti huo wameacha wazi uwezekano kwamba wengine walikufa kwa moto au moshi wa sumu. Hapo ajali ya Daktari bado iko hai. Jiko la pich usiku wa baridi, mlango umefungwa, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu.

#32 Kasongo wa Kalemie

Wakubwa, na kazi ya kuchimba inaendelea na vita hii? Nilisikia Trypillia ilipigwa.

#33 Bi Shani

Kilichopigwa na kuharibiwa Aprili 11, 2024 ni kituo cha umeme cha Trypillia, ambacho kiko mji wa Ukrainka, jirani na kijiji. Legedzyne iko mbali na mstari wa mbele. Lakini vijana wa kuchimba wengi wako jeshini, na timu za nje zimehamia kwenye maabara, wanapima sampuli zilizokwisha kutolewa. Ndiyo maana matokeo kama ya Kosenivka yanatoka sasa, ingawa uchimbaji wake ulifanyika miaka kabla ya vita.

#34 Fundi Ugweno

Basi kama wako maabara, wapime kitu kimoja. Wachukue kipande cha ukuta na kipande cha sakafu ya juu kutoka nyumba ileile ya Kosenivka, na vingine kutoka nyumba ya Talianky isiyo na mfupa wa mtu hata mmoja. Waseme kila kimoja kiliiva kwa joto gani. Kama nyumba yenye watu iliiva kidogo na isiyo na watu iliiva sana, hapo tuna mioto ya aina mbili, na Kiboko na Bibi Harusi wote wamesema kweli kwa nyumba tofauti. Mkemia, vipimo hivyo vinawezekana?

#35 Mkemia wa Nyegezi

Vinawezekana. Madini ya udongo yanabadilika kwa hatua kadiri joto linavyopanda, unayasoma kwa mionzi ya eksirei. Shida ni kwamba ndani ya nyumba moja joto linatofautiana kona kwa kona, kwa hiyo vipande viwili havitoshi. Wachukue ukuta mzima, kuanzia msingi hadi dari. Nikipata mahali walipochapisha hivyo nitauleta hapa.